Fundi kaondoka, sabuni imeharibika: ujuzi wa kiwanda ni mali ya nani?

*Swali: Marehemu baba aliniachia mimi, binti yake wa kwanza, kiwanda kidogo cha sabuni za mche hapa Tanga mjini, upande wa njia ya Pongwe. Tuko watu 11. Tunapika kwa mafuta ya mawese na ya nazi, tunauza Muheza, Korogwe, Lushoto na Pangani, na mzigo mwingine unavuka kwenda Pemba. Fundi mkuu aliyekuwa na baba tangu mwanzo aliondoka Februari, kachukuliwa na kiwanda kingine Dar es Salaam. Tangu masika yaanze sabuni yetu haieleweki. Mpiko mmoja unatoka laini, unatoa jasho na kunata; unaofuata unatoka mkavu na wateja wanalalamika unawachubua mikono. Vipimo ni vilevile vilivyobandikwa ukutani enzi za baba. Binamu yangu ananiambia nikope milioni 60 ninunue mashine ya kuchanganya na kukata, nisitegemee fundi tena. Mwingine anasema nikaisajilie fomula yetu hataza kabla fundi hajaitumia huko aliko. Kwenye semina nimeambiwa tunakosa ubunifu. Nianzie wapi? Na ujuzi wa yule fundi ni mali yangu au yake?*

Dada yangu, pole sana. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: sabuni inayoharibika sasa hivi, mkopo unaokujia mbele, na hofu kwamba mtu ameondoka na kitu chako. Naanza na sabuni, kwanza kwa sababu mteja aliyechubuka mikono hatakusubiri, na pili kwa sababu ukiielewa hiyo sabuni mbovu utakuwa umekwisha kulielewa swali lako la mwisho.

Vipimo vya ukutani havikukosewa. Vimepungukiwa. Karatasi ile inakwambia uweke kilo kadhaa za kostiki soda kwenye kilo kadhaa za mafuta, lakini haikwambii kostiki ya namna gani. Kostiki inanyonya maji yaliyomo hewani kwa kasi ya ajabu, na hewa ya Tanga wakati wa masika imejaa maji. Gunia likifunguliwa Jumatatu na kuachwa mdomo wazi, kufikia wiki inayofuata vipande vimeanza kushikana na kulowa. Zaidi ya hapo, kostiki inaungana na hewa ukaa na sehemu yake inageuka kuwa kitu kingine kisichopika sabuni. Mizani haijui hayo. Tuseme sehemu moja ya kumi ya uzito imekuwa maji: kilo 15 ulizopima zina kostiki kilo 13 na nusu tu. Mafuta yanabaki bila kupikwa, na mche unatoka laini na kunata. Kijana wako anaona hivyo, anaongeza kostiki mpiko unaofuata, na siku hiyohiyo pengine mmefungua gunia jipya lenye nguvu zake zote. Hapo ndipo sabuni inapochubua.

Kuna na upande wa mafuta. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji karibu gramu 180 za kostiki iive yote. Kilo moja ya mawese inahitaji karibu gramu 140. Ukipika kilo 100 nusu kwa nusu, unahitaji kilo 16. Nazi ikipanda bei na mkabadilisha kimyakimya, mawese yakawa sehemu nne katika tano, kinachohitajika ni kilo 14.8. Wapishi wazoefu hupunguza kostiki kwa asilimia 3 hadi 5 ili mafuta kidogo yabaki kulinda ngozi, lakini tofauti ya kilo 1.2 inaimaliza akiba hiyo yote na bado kostiki huru inabaki ndani ya mche. Naomba ujiulize kwa uaminifu: tangu baba alipofariki, mchanganyiko wa mafuta haujaguswa kabisa? Na je, mnapima kwa mizani au kwa kopo? Kopo lililojaa vipande vikavu na kopo lililojaa vipande vilivyolowa havilingani hata kidogo.

Sijafika kiwandani kwako, kwa hiyo thibitisha kabla ya kuniamini. Fungua gunia jipya, pima kwa mizani, chukua kilo moja tu ya mafuta mnayotumia sasa, pika mche wa majaribio. Fanya vivyo hivyo kwa kostiki ya gunia la zamani. Mkivaa glavu na miwani, na kostiki ndiyo iingie kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki. Iache miche yote miwili wiki chache ikomae, ikate katikati, dondoshea tone la fenolfthalini, dawa ya kupimia ambayo maduka ya vifaa vya maabara wanayo. Ikiwa waridi iliyokolea, kuna kostiki huru. Unga mweupe mwembamba juu ya mche usikutishe, huo mara nyingi ni magadi yanayotokana na hewa na unakatwa na kisu. Cha kutisha ni ndani.

Sasa tumrudie fundi wako. Nina hakika hakuna mahali alipoandika "masika ongeza kidogo, gunia jipya punguza". Alikuwa anaingia stoo, anatia kiganja chenye glavu ndani ya gunia, anasikia vipande vinavyoshikana, na mkono wake unajua. Alikuwa akikoroga anaangalia uji unavyoshika mwiko, na kama umechelewa kushika anajua kuna kasoro kabla sabuni haijafika kwenye ukungu. Wapishi wengi wa zamani walikuwa hata wakigusa mche kwa ncha ya ulimi kusikia kama unawasha. Sikushauri, lakini hicho kilikuwa kipimo, na kilifanya kazi. Karatasi ya ukutani ilikuwa nusu ya fomula. Nusu nyingine ilikuwa inakuja kazini saa moja asubuhi na kuondoka jioni, na mlikuwa mnailipa mshahara wa fundi wa kawaida.

Huu ndio utajiri wa kiwanda ambao wenye viwanda vidogo wengi hawauhesabu, na si kosa lao peke yao. Hata kanuni za kimataifa za uhasibu haziruhusu gharama ya kumfundisha mtu iandikwe kama mali. Inaandikwa matumizi, pamoja na umeme na nauli. Jina la sabuni mliyoijenga wenyewe miaka yote hiyo nalo haliandikwi kama mali kwenye vitabu vyenu. Kwa hiyo ukienda benki, afisa mikopo anaona kiwanja, pipa, gari. Haoni kwamba mama wa duka la Korogwe anaagiza sabuni yako kwa simu bila kuuliza bei. Na wewe mwenyewe, ukisoma hesabu hizo kila mwaka, unazoea kutokuona.

Wataalamu wa uendeshaji wa viwanda hupenda kuyagawa maarifa ya kiwanda mafungu matatu, na mgawanyo huo unakusaidia kujua ulichopoteza na ambacho bado unacho. Kuna yaliyomo vichwani na mikononi mwa watu. Kuna yanayobaki kiwandani watu wakishakwenda nyumbani: vipimo, daftari, utaratibu wa stoo, ukungu, namna ya kukausha. Na kuna yaliyo kati yako na walio nje: wateja wanaokuamini, wauzaji wa nazi wa Pangani wanaokupa mafuta kabla ya hela. La tatu bado unalo, ingawa kila mpiko mbovu unalimega. La pili lilikuwa dogo tangu mwanzo. La kwanza ndilo lililopanda basi kwenda Dar es Salaam. Tanga tunao mfano mzuri wa fungu hili la tatu: kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh kilichoanza miaka ya 1990 kina ushirika wa wafugaji wadogo ndani yake. Mtu anaweza kununua matangi na mitambo ya namna ileile kesho. Uhusiano na maelfu ya watu wanaokamua alfajiri na kupeleka maziwa kituoni hauuzwi dukani.

Basi ujuzi ni wa nani? Nitakujibu bila kukuficha, ingawa jibu halitakufurahisha lote. Ustadi wa mikono ya fundi ni wake. Amekula nao, atazeeka nao, na hakuna haki katika kumzuia mtu kupika sabuni kwa sababu alijifunzia kwa baba yako. Kilicho chako ni vile mlivyovitunza kama vyenu: vipimo maalumu, orodha ya wateja na bei zao, jina na nembo, mahali mnaponunua. Lakini hata hivyo, siri inakuwa siri kama ilitunzwa kama siri. Karatasi iliyobandikwa ukutani ambapo kila dereva anayeshusha mafuta anaisoma, ni vigumu kusimama mbele ya mtu ukasema ilikuwa siri ya biashara. Kuanzia sasa, mikataba ya wafanyakazi iwe na kifungu cha kutunza siri, kinachotaja wazi siri hizo ni zipi. Kifungu cha kumkataza mtu asifanye kazi kwa mshindani ni jambo jingine, kina masharti yake na mara nyingi hakisimami kirahisi. Usikiandike kwa kunakili mtandaoni, mwone wakili. Na kwa yule aliyekwisha kuondoka bila mkataba wa namna hiyo, nakusihi usianze na barua ya wakili. Sababu yake naieleza chini.

Kuhusu hataza, aliyekushauri alikuwa na nia njema lakini anakupeleka mahali pasipokusaidia. Hataza inatolewa kwa uvumbuzi mpya duniani, wenye hatua ambayo fundi mwingine wa kazi hiyo asingeifikia kirahisi. Kupika sabuni kwa mawese, nazi na kostiki kunajulikana tangu kabla ya babu zetu. Tena hataza ina bei yake: lazima uueleze uvumbuzi wako wote hadharani, mtu yeyote ausome. Kwa kitu kama chako, ambacho thamani yake iko kwenye kujua kurekebisha, kukitangaza ni kukigawa. Cha kusajili ni jina na nembo. Hiyo ni alama ya biashara, na kwa Tanzania Bara inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Hapa kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa Tanga wengi linawapita: usajili wa BRELA hauvuki bahari. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake wa usajili wa biashara na mali. Wewe mwenye mzigo unaokwenda Pemba, mtu anaweza kulichukua jina lako kule ukiwa na cheti chako cha Bara mkononi. Sajili pande zote mbili. Ningeitanguliza gharama hiyo kuliko hata shilingi moja ya hataza.

Sasa kwa nini nasema usimwandikie fundi barua ya wakili? Kwa sababu unamhitaji. Mpigie simu mwenyewe, umwamkie kama zamani, baba alipokuwa hai, umwambie hali ilivyo. Mwombe aje siku chache za mapumziko yake, umlipe nauli, malazi na posho ya mshauri, siyo ya kibarua. Mtu aliyekaa na baba yako tangu kiwanda kinaanza, mara nyingi bado anaona ile sabuni ni ya kwake pia. Anaweza kukataa, hiyo ni haki yake. Lakini nimeona mafundi wengi waliohama kwa ajili ya mshahara wakirudi kufundisha kwa moyo mweupe walipoombwa kwa heshima, na sijamwona aliyefundisha vizuri baada ya kutishwa.

Akija, usimkabidhi kalamu. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibikia. Ukimwambia fundi mzoefu "andika unavyofanya", atakuandikia mistari mitano, ileile iliyoko ukutani, na atakuwa hakudanganyi. Kile ambacho mkono unafanya wenyewe hakimjii kichwani kama jambo la kuandika. Pikeni pamoja naye. Vijana wawili wakoroge chini ya macho yake, wa tatu aandike, na simu irekodi. Kila anaposita, kila anaposema "ngoja kidogo", aulizwe: umeona nini? Kila anapomrudisha kijana nyuma, aulizwe ungejuaje? Mchukueni stoo akague magunia mbele yenu. Mharibieni mpiko mmoja mdogo makusudi, aonyeshe anavyouokoa. Kuokoa mpiko uliokwisha kuharibika ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya ujuzi wake, na ndiko kusikoandikwa na mtu yeyote.

Halafu yanageuzwa kuwa daftari la mapishi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wanazungumzia fedha. Kwako ni zaidi ya fedha. Kila mpiko uwe na ukurasa: tarehe, hali ya hewa, gunia lilifunguliwa lini, mafuta yametoka kwa nani na kilo ngapi za kila aina, kostiki, maji, dakika ngapi mpaka uji kushika, nani alikoroga, na nafasi wazi chini ya kujaza wiki tatu baadaye sabuni ilitokaje. Hiyo nafasi ya chini ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na bila hiyo daftari ni kumbukumbu tu, halifundishi kitu. Baada ya misimu miwili, ya masika na ya vuli, utakuwa na kitu ambacho hata fundi mwenyewe hakuwa nacho, kwa sababu utaweza kuona mwezi wa nne na wa kumi kwa pamoja. Kostiki ihamishiwe kwenye madumu yenye mfuniko wa kubana siku gunia linapofunguliwa. Hayo madumu hayafiki hata sehemu ndogo ya bei ya mashine, na nadhani yatamaliza nusu ya matatizo yako.

Kuna swali utakalojiuliza: na hao vijana nikishawafundisha nao wakiondoka? Wataondoka baadhi. Dawa yake siyo kuwanyima, kwa sababu kijana asiyejua anakuharibia kila siku akiwa bado yupo. Dawa ni wajue zaidi ya mmoja, na anayefundisha mwenzake apate kitu. Weka nyongeza ya mshahara kwa anayeweza kupika peke yake mpiko mzuri kwa kipimo cha daftari, na nyongeza nyingine kwa aliyemfikisha hapo. Kwenye viwanda vyetu fundi anaficha ujuzi kwa sababu moja iliyo wazi: akiutoa, anaogopa atakuwa hana thamani tena. Mfanye aone kwamba akiutoa thamani yake inapanda, ataacha kuuficha.

Mashine sasa. Siipingi mashine. Napinga sababu uliyopewa, kwamba itakuondolea kumtegemea fundi. Mashine ya kuchanganya itakoroga vizuri na kwa usawa kile utakachoweka ndani. Ukiweka kostiki iliyolowa, itakupa sabuni laini yenye umbo zuri na kingo zilizonyooka, tena nyingi kwa siku moja. Nchi yetu iliwahi kulipia somo hili kwa gharama kubwa. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikiwa na mitambo ya kisasa na lengo la kuuza viatu Ulaya. Hakikuwahi kufikia zaidi ya sehemu ndogo sana ya uwezo wake mpaka kilipofungwa. Mitambo ilikuwepo. Haikuwepo desturi ya kujua ngozi ipi inafaa, kuitengeneza mitambo inapoharibika, na kuelewa mnunuzi wa mbali anataka nini.

Upande wa pili, Wajapani wana kisa ambacho profesa wao Ikujiro Nonaka alikieleza vizuri sana. Kampuni ya Matsushita, miaka ya 1980, ilitaka kutengeneza mashine ya nyumbani ya kuoka mkate. Mkate ulikuwa unaungua nje na kubaki mbichi ndani. Walichunguza sana wasione sababu. Mtaalamu wao mmoja, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, akaona jinsi anavyouvuta unga huku akiusokota. Aliporudi, wakaweka matuta ndani ya chombo cha mashine ili yafanye kazi ya ule msokoto. Mashine ikafaulu kwa sababu mkono wa mwokaji uliingia ndani yake kwanza.

Kwa hiyo hesabu zako zifanye hivi. Milioni 60 kwa miaka mitatu ni zaidi ya shilingi milioni 1.6 kila mwezi kabla ya riba, iwe masika au kiangazi, sabuni imetoka nzuri au mbovu. Kama leo shida yako ni mipiko inayoharibika, mashine haitaigusa. Kama baada ya daftari kukaa sawa unaona unakataa oda kwa sababu mikono haitoshi kukoroga, hapo mashine ina kazi, na utajua uiagize ya ujazo gani, yenye kasi gani, na utamuuliza muuzaji maswali atakayolazimika kuyajibu. Kiwanda kinachoelewa kazi yake kinanunua mashine ndogo zaidi na kuipata faida zaidi. Mashine ya kukata peke yake, ambayo mafundi wa hapa nyumbani wanaweza kuitengeneza, ningeifikiria mapema, kwa sababu miche isiyolingana inakupotezea mafuta kila siku.

Na ubunifu? Waliokuambia unaukosa hawajaangalia mlichonacho. Watu wengi wakisikia neno hili wanafikiria kitu kipya kabisa, kifungashio kinachong'aa, harufu ya maua ya mbali. Kwenye kiwanda, ubunifu mwingi wenye faida unaanza na kitu mnachokijua kuhusu mteja wenu ambacho kiwanda kikubwa hakihangaiki nacho. Angalia ramani ya wateja wako. Pemba, Pangani na vijiji vya pwani wengi wanafulia maji ya kisima, maji magumu, mengine yana chumvi. Sabuni ya mawese kwenye maji hayo inachelewa kutoa povu na kuacha utando kwenye nguo. Sabuni ya mafuta ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya bahari. Ndiyo maana mabaharia waliitumia. Lushoto maji ni mengine. Wewe unauza mche uleule kote! Unaweza kuwa na mche wa pwani wenye nazi nyingi na mche wa milimani wenye mawese mengi, kwa mafuta yaleyale na masufuria yaleyale, ukibadilisha hesabu ya kostiki tu kama tulivyoona. Tahadhari yake ni kwamba nazi nyingi inakausha ngozi, kwa hiyo wa pwani uuuze kama wa kufulia, na uupunguzie kostiki kidogo zaidi. Jaribu kwa maduka machache ya Pemba kwanza, uliza baada ya mwezi. Ningekuwa wewe, hili ndilo ningelifanya kabla ya jingine lolote baada ya sabuni kutulia. Viungo vya Amani kule milima ya Usambara, mdalasini na karafuu, vinavutia kwa harufu, lakini mafuta yake yanawasha ngozi yakizidi kidogo. Viache mpaka uwe na vipimo vya kuaminika.

Ushindani wako na viwanda vikubwa hauwezi kuwa wa bei. Wao wananunua mawese kwa meli. Ukishusha bei utashuka mpaka uguse mtaji, na wao hawatakuwa hata wamekuona. Unachoweza ni sabuni isiyobadilika mwezi hadi mwezi, inayofaa maji ya mahali inapouzwa, kutoka kwa mtu anayepokea simu. Vyote hivyo ni maarifa. Mkoa wetu unajua vizuri uchungu wa kushindana kwa malighafi pekee. Mkonge uliingia na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai kati ya 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa karibu tani 230,000 za nyuzi. Kamba za plastiki zilipokuja, sisi tulikuwa wauzaji wa nyuzi ghafi. Mashamba yakafa, na sera za wakati ule nazo zikachangia. Nyuzi ni chini ya asilimia 5 ya jani. Yaliyobaki tuliyamwaga mitoni kwa miongo mingi, mpaka miaka ya 2000 pale Hale walipojenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki hayo. Zao lilikuwa lilelile tangu Hindorf. Kilichochelewa ni kujua nini kingine kimo ndani ya jani.

Sasa mambo ya kutofanya peke yako. Mteja akikuonyesha ngozi iliyochubuka au kuwa na malengelenge, simamisha uuzaji wa mpiko huo leo, uukusanye madukani, na umpeleke mteja kituo cha afya kwa gharama yako. Kostiki ni kemikali inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hakikisha usajili na utunzaji wako wa stoo uko sawa kabla hawajaja wao, na waulize juu ya kupimiwa sampuli. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama wewe, ina ofisi mkoani. Nenda na miche miwili, mzuri na mbovu, pamoja na daftari, uombe mtaalamu afike kiwandani. Ulizia pia barua ya utambulisho ya kuanzia safari ya alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, kwa sababu wajasiriamali wadogo wana utaratibu wa nafuu wa gharama. Mikataba ya wafanyakazi mwone wakili wa kazi mwenyewe, ana kwa ana. Na kama binamu yako ameshakuletea fomu za benki, usisaini yenye kiwanja cha kiwanda kama dhamana mpaka uwe na kurasa za miezi mitatu za mipiko isiyoharibika. Mwonyeshe afisa mikopo kurasa hizo, na umwombe kiasi cha mashine ya kukata peke yake.